Kutengeneza bodi ya gari la zamani la mbio bila kuchomelea: wewe unayeuza fila na gundi, ijue kazi yenyewe

Somo la leo ni refu kidogo, kama uko kwenye daladala lihifadhi kwanza, ulisome ukitulia. Ni kwa ajili yenu mnaouza mtandaoni vifaa vya bodi za magari: fila, gundi za epoksi, faiba, misasa, praima, riveti. Ila hata wewe unayeuza vitu vingine ambavyo mteja akishanunua ndo kazi inaanza, kuna kitu utaokota.

Mimi duka langu liko Arusha. Nimeishia kidato cha nne, ufundi sikusomea chuo chochote. Nilichonacho nimekipata kwa kusimama kwenye gereji za watu, kusoma karatasi za maelekezo zinazokuja na makopo (zile ambazo wengi tunazitupa), na kujaribu kwenye mlango chakavu niliounua kwa wauza chuma. Mlango ule bado ninao. Una fila ya kila aina.

Ujumbe ninaoupata sana ni huu: "Bosi, nina gari la zamani la mbio, bodi imeliwa, sitaki kuchomelea. Una nini?"

Muuzaji wa kawaida anajibu, "Fila ipo, upo wapi nikutumie?" Amemaliza. Wiki tatu baadaye mteja anarudi na kesi: fila imebanduka, rangi imevimba, gundi haijakauka mpaka leo. Kopo halina shida. Shida ni kwamba mteja hakujua kazi, na aliyemuuzia naye hakuijua. Kwa hiyo leo tunaipitia kazi yenyewe mwanzo mpaka mwisho, halafu utaona mwenyewe pesa iko wapi.

Kwanza, kwa nini mtu hataki kuchomelea? Siyo ubahili, usimdharau. Bati la bodi za magari ya zamani ni jembamba, chini kidogo ya milimita moja. Ukiliwekea moto wa kuchomelea na mkono siyo mzoefu, linajikunja, na sehemu iliyokuwa bapa inakuwa kama bati la kuezekea. Pia moto unaunguza rangi na kinga ya upande wa ndani ambao huufikii, kutu inaanzia hapo hapo. Ongeza tenki la mafuta, nyaya na vioo vilivyo karibu. Na magari mengi ya mbio yana boneti, bampa au madigadi ya faiba, na faiba huichomelei hata ungetaka.

Halafu kuna upendo. Kwetu huku magari haya yana historia. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 1600 SSS ilishinda 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, mwaka uliofuata akashinda tena na Datsun 240Z. Shekhar Mehta akachukua 1973 na 240Z hiyo hiyo, na Joginder Singh alishinda na Volvo 1965, kisha na Mitsubishi Lancer 1974 na 1976. Mwenye gari la aina hizo hataki kila fundi alisogelee na moto. Anataka kukaa nalo mwenyewe uani, taratibu, jioni baada ya kazi. Huyo ni mteja mzuri sana. Hana haraka, na akiridhika anawaambia wenzake wote wa kwenye kundi lao la magari.

Sasa sikiliza sehemu hii, kuliko zote. Kabla hujamwambia bei, mwambie akutumie picha, na siyo za juu peke yake. Mwambie ainue kapeti, apige picha sakafu. Apige picha chini ya betri, maana tindikali ya betri imekula magari mengi ya zamani hapo. Apige boksi la chini ya mlango, matao ya tairi kwa ndani, na pale shokapu za mbele zinaposhikia juu. Achukue bisibisi agonge kwa mpini: bati zima linalia, bati lililooza au lenye fila nene linatoa sauti ya kufa. Akishuku, abonyeze kwa ncha. Ikizama, hapo hakuna bati, kuna rangi na matumaini.

Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa nayo inasaidia. Inaposhika kwa ulegevu, chini kuna fila. Ila mkumbushe kwamba kwenye faiba na aluminiamu sumaku haishiki kabisa, asije akadhani gari zima ni fila.

Ukishapata picha, gawa kazi mafungu mawili kichwani mwako. Fungu la kwanza ni ngozi ya gari: milango, madigadi, boneti, buti, kingo za matao ya tairi kwa nje. Hapa gundi, riveti, faiba na fila vinafanya kazi safi bila kuchomelea. Fungu la pili ni mifupa: chesisi au vile vyuma vya chini vinavyofanya kazi ya chesisi, maboksi ya chini ya milango, mahali shokapu na mikono ya tairi inaposhika, mahali mikanda ya siti inapofungwa, na pale miguu ya keji ya mabomba inapokaa. Kwenye gari la mbio, keji na mikanda ndo vinavyomrudisha mtu nyumbani. Fungu la pili HUUZI fila. Huuzi faiba. Hata gundi kali ya paneli huuzi, labda kama mtengenezaji wa gari lile ametoa maelekezo ya gundi kwa sehemu ile, na kwa gari la miaka ya sabini hutayapata. Hilo ni la fundi wa kuchomelea anayejua, na ukimtaja mmoja mzuri wa mji wa mteja umemsaidia kuliko kopo lolote.

Hapa nikupe mfano wa kweli. Mwaka jana mzee mmoja wa Tanga alinitafuta. Ana Datsun 1600 SSS, ilishakimbia mashindano enzi hizo, ikakaa bandani karibu na bahari miaka. Orodha aliyotuma ilikuwa kubwa kuliko oda yoyote niliyopata mwezi ule: fila kilo nane, mkeka wa faiba, rezini, misasa kibao. Ningemtumia siku ile ile, kodi ya fremu ingekuwa imelipika. Nikamwomba picha. Milango sawa, digadi la kushoto sawa, limeliwa ila ni ngozi. Halafu ikaja picha ya boksi la chini ya mlango wa dereva, bisibisi imeingia mpaka mpini. Na nyuma ya siti, pale mkanda unapofungwa, kutu imezunguka boliti.

Nikampigia. "Shikamoo mzee. Hapa pawili siwezi kukuuzia kitu."

"Marahaba. Wewe niuzie tu mwanangu, mimi nafunika. Gari lenyewe sitalikimbiza, la kuangalia tu."

"Mzee, wewe hutalikimbiza. Mjukuu je?"

Akacheka, akasema ataangalia. Akakaa kimya siku tisa. Mimi huku najua kabisa kuna duka lingine limeshamtumia, na pesa imeenda. Siku ya kumi akatuma picha: boksi limekatwa, limewekwa bati jipya, limechomelewa na fundi wa huko huko, na sehemu ya mkanda imewekewa bati nene. Chini kaandika, "Haya, sasa nitumie vya ngozi." Fila ikashuka kutoka kilo nane mpaka tatu, ila alichukua vitu vingine ambavyo mwanzo hakuvijua. Kazi iliyofuata ndiyo hii ninayokueleza, maana tuliifanya kwa picha na simu, yeye na mjukuu wake.

Kutu. Hakuna dawa ya kupaka juu ya kutu nene ikawa imekwisha. Piga grainda yenye diski laini au brashi ya waya mpaka bati linang'aa, na uvuke sentimita tano hivi nje ya pale kutu inapoonekana, kwa sababu chini ya rangi imetambaa zaidi. Bati lililobaki kama karatasi, kata. Ndiyo, kata kabisa mpaka ufike kwenye bati zima. Watu wanaogopa kukata, wanaona shimo linakuwa kubwa. Lakini gundi inahitaji kitu cha kushika.

Kwa vishimo vidogo vya ndani ya bati ambavyo brashi haifiki, ile dawa yenye asidi ya fosforasi inasaidia. Lakini lazima isafishwe kama maelekezo ya kopo yanavyosema, kisha pakauke. Mabaki ya asidi hayapatani na fila wala praima ya epoksi. Nadhani nusu ya kesi za "fila yenu mbovu" nilizowahi kusikia kwa mafundi zimeanzia hapa. Mteja akiagiza hiyo dawa na fila pamoja, mwandikie mstari huo.

Kunyoosha. Kabla ya kujaza, nyoosha. Fila siyo ya kufidia nyundo ambayo hukupiga. Bonde kwenye digadi ukiweza kulifikia kwa nyuma, unaweka chuma cha kupokelea upande mmoja, nyundo upande mwingine, unapiga polepole ukianzia pembeni kuelekea katikati. Ukipiga nyundo moja kwa moja juu ya chuma cha kupokelea bati linatanuka, kwa hiyo usipende kupiga hivyo. Lenga tuta la pembeni, huku chuma kikisukuma bonde. Pasipofikika kwa nyuma kuna vile vifaa vya kuvuta kwa gundi ya moto: unabandika kidude, kinapoa, unavuta. Vinataka sehemu yenye rangi nzima, safi. Vinauzika sana mtandaoni kwa sababu video yake inavutia, ila mwambie mteja ukweli kwamba bonde lenye mkunjo mkali halitoki lote.

Ufa kwenye bati au faiba: toboa kitundu cha milimita 3 mwisho wa ufa kabla ya kuziba. Usipotoboa, ufa unaendelea na safari.

Kuweka kiraka. Hapa ndo badala ya kuchomelea. Kata kiraka cha bati la unene ule ule, kipite ukingo wa shimo kwa sentimita mbili hadi mbili na nusu kila upande. Kikikaa juu tu kitafanya tuta, kwa hiyo kuna koleo maalumu linalokunja ukingo wa shimo kushuka kidogo kama ngazi, kiraka kikikaa kinalingana na bati la gari. Hilo koleo ukiwa nalo dukani, hata moja la kukodisha, utawaona mafundi. Asiye nalo anaweza kuingiza kiraka kwa nyuma, kikashika kutokea ndani.

Pande zote mbili zinakwaruzwa kwa msasa namba 80, zinafutwa kwa asetoni au kisafishio cha mafuta, kwa kitambaa safi, halafu mkono usiguse tena. Jasho la kidole lina mafuta. Paka gundi ya epoksi ya paneli pande zote mbili, kwanza utando mwembamba wa kufunika bati lote lililo wazi, kisha mstari mnene. Bana. Lakini usibane mpaka gundi yote ikatoka, maana gundi hiyo inataka unene kidogo ibaki katikati.

Riveti zinaingia hapa. Wengi wanadhani riveti ndo zinashika kiraka. Kwenye njia hii riveti ni klempu tu, zinakaa mahali ambapo klempu haifiki. Zile za milimita 3.2 zinatosha, moja kila sentimita tatu au nne. Gundi ikishakauka, mwenye subira anazitoboa na kuzitoa, anajaza vitundu kwa gundi. Asiyetaka, anachagua zile za kichwa bapa zinazozama. Mteja wa pwani, awe Tanga, Dar, Mombasa au Unguja, mshauri riveti za chuma na kiraka cha chuma. Aluminiamu ikigusana na chuma penye chumvi na unyevu, moja inamla mwenzake.

Halafu aache. Gundi nyingi za namna hii zinataka karibu siku nzima. Hapa Arusha mwezi wa saba asubuhi ni baridi, inataka zaidi, soma kopo. Na hili waambie wote: epoksi HAIONGEZEWI hadina ili ikauke haraka. Uwiano wa kopo ndio uwiano, ukizidisha haitakauka vizuri daima. Ukikoroga nyingi kwenye kikombe kimoja inachemka yenyewe mpaka inatoa moshi. Koroga kidogo kidogo.

Upande wa ndani wa kiraka, kazi ikiisha kabisa, upuliziwe wax ya kukinga kutu. Asipofanya hivyo miaka miwili tu unaona malengelenge.

Faiba. Neno hili linauza sana na linaumiza sana. Kwa boneti au bampa la faiba lililopasuka, chonga ufa kwa nyuma uwe mpana kama bakuli, weka mkeka wa faiba na rezini ya poliesta, tabaka mbili tatu, toa mapovu kwa brashi. Safi. Lakini kwa kufunika bati la chuma, rezini ya poliesta haishiki vizuri, inasinyaa na baada ya muda inaachia kama ngozi ya kidonda. Kwenye chuma, tumia epoksi na kitambaa cha faiba kilichofumwa. Usimpe mtu mkeka wa kawaida pamoja na epoksi: nyuzi za mkeka ule zimeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na kimiminika kilichomo kwenye poliesta, na kwenye epoksi haiyeyuki, mkeka unabaki mgumu haulali. Kwa hiyo mkeka na poliesta, kitambaa na epoksi. Andika hivyo kwenye maelezo ya bidhaa na utapunguza malalamiko.

Kile kichupa cha hadina ya rezini ya poliesta ni hatari kwa macho, tone moja linaweza kumpofusha mtu. Na kama unauza pia ile dawa ya zambarau ya kuharakisha, yenye kobalti, usizifunge pamoja kwenye kifurushi na mwambie mteja asizichanganye zenyewe kwa zenyewe. Zinaweza kulipuka. Dawa inatangulia kwenye rezini, inakorogwa, ndipo hadina inafuata. Mara nyingi rezini inakuja imeshachanganywa tayari, kwa hiyo soma kabla ya kuuza hiyo dawa kabisa.

Fila. Sasa tumefika kwa mwenyewe. Fila ni ya kulainisha, siyo ya kujenga. Ikae milimita mbili tatu, ikipita tano rudi kwenye nyundo. Kwa gari la mbio kuna sababu nyingine: fila ni mzigo. Watu wamehangaika kutoa viti na kapeti ili gari liwe jepesi, halafu wewe unawarudishia kilo mlangoni.

Kipimo: gramu 100 za fila kwa gramu 2 za hadina. Mzani mdogo wa jikoni unatosha, nami nauza mizani hiyo pembeni ya fila na inatoka. Hadina ikizidi unapata vitundu vidogo vidogo, na baadaye doa linapanda mpaka juu ya rangi. Ikipungua haigandi. Koroga kwa kubonyeza na kukunja, siyo kupiga kama mayai, unaingiza hewa. Rangi iwe moja, bila mistari. Dar juani una dakika chache sana kabla haijashika, kwa hiyo kazi ifanyike kivulini na ukoroge kiasi cha kumaliza.

Ikiwekwa juu ya epoksi, epoksi iwe imekauka kabisa, imeoshwa na kukwaruzwa. Na fila inakunywa maji kama sifongo. Kwa hiyo msasa wa maji hapana, kavu tu, na gari lisilazwe nje na fila wazi usiku wa mvua au umande.

Kusawazisha. Hapa ndo panatofautisha. Msasa wa mkononi, kwa vidole, unafuata mabonde badala ya kuyaondoa. Tumia ubao mrefu, wa sentimita 30 au 40, na kwa digadi lenye mviringo tumia ubao unaopinda. Unasugua kwa mshazari, upande huu kisha upande ule, kama unachora alama ya X. Unaanza namba 80, unaenda 120, kisha 180. Usiruke kutoka 80 kwenda 320 ili ubane hela, mikwaruzo ya 80 itajitokeza kwenye rangi mwezi mmoja baadaye.

Sasa siri ya bei rahisi kuliko zote: kopo moja la sprei nyeusi. Pulizia vumbi jepesi tu la rangi juu ya fila, sugua kwa ubao. Pale weusi unapobaki ni bonde. Pale bati linapong'aa haraka ni kilima, na kilima hukijazii, unakigonga kidogo kishuke. Weusi ukiisha wote kwa pamoja umefika. Mjukuu wa yule mzee alirudia digadi moja mara tano, akanitumia sauti ya kulalamika kwamba mkono umekufa. Nikamwambia apitishe kiganja juu ya digadi akiwa amefumba macho, kuna glavu laini au kitambaa chembamba katikati. Kiganja kinaona kuliko macho. Akapiga ya sita.

Kisha fila laini kwa vitundu, praima ya epoksi au ya kujaza, sprei nyeusi tena, msasa 320 kwenda 400, na gari liko tayari kwa rangi. Praima na rangi zile za kuchanganya na hadina zina kemikali inayoumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Anayetaka kupuliza hizo awe na vifaa vya kupumulia hewa safi, la sivyo apeleke kwa mwenye chumba cha rangi. Vumbi la fila nalo linataka barakoa nzuri. Usimuuzie mtu msasa bila kumuuliza barakoa anayo.

Tuje kwenye biashara sasa, haraka. Ukiangalia orodha yote hapo juu, utaona fila ni kitu kimoja kati ya kama kumi na tano. Bei ya fila kila mtu anaijua, mteja anaizungusha maduka matano, faida yake nyembamba. Asetoni, vijiti vya kukorogea, ubao, misasa kwa mpangilio, mzani, glavu, sprei nyeusi, barakoa, hivyo ndivyo mteja anavyosahau na ndivyo anavyokwama navyo saa mbili usiku. Mimi nafunga vifurushi kwa kazi: kifurushi cha shimo dogo kwenye mlango, kifurushi cha ukingo wa tao la tairi, kifurushi cha boneti ya faiba. Ndani naweka karatasi moja ya hatua kwa Kiswahili, nimeandika mwenyewe. Mteja akiona karatasi hiyo haulizi tena kwa nini nimezidi duka la jirani shilingi elfu mbili.

Usafirishaji: rezini, thina, asetoni na hadina vinashika moto. Usiandike "vipodozi" kwenye boksi ili basi likubali, nimeona watu wanafanya hivyo. Mwambie msafirishaji ni nini. Akikataa, tafuta mwingine, au mwelekeze mteja anunue vimiminika mjini kwake na wewe utume vikavu. Hadina na rezini ziwe maboksi tofauti, makopo yasimame, mifuniko ifungwe kwa tepu.

Na picha za kazi za wateja, ukiomba ruhusa uzitumie, omba zilizopigwa jioni, taa ikimulika kutoka ubavuni mwa gari, kabla ya rangi. Mwanga wa ubavuni unaonyesha kila wimbi. Picha ya mchana juani na kichujio cha kung'arisha inaficha yote, na mnunuzi wa gari la mbio anajua hivyo, ataipita. Ile ya digadi la Datsun la Tanga ilipigwa kwa tochi ya simu, praima ya kijivu, halina hata ng'aro. Imeniletea maswali mengi kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia.